Kisima kisicho na namba: maji na kinywe wilayani Ruangwa

Kila unapotajwa mradi wa kinywe, yaani madini ya grafiti, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu huuliza mgodi umeruhusiwa kuchukua maji kiasi gani. Swali ni la haki, lakini limetanguliwa na jingine ambalo huulizwa mara chache: kabla pampu ya mgodi haijawashwa, visima vya wananchi vilikuwa na maji ya kina gani?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji yote kuwa mali ya umma, na inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo zije shughuli za kiuchumi, uchimbaji ukiwamo. Mgodi huomba kibali kwa Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, hutajiwa kiasi cha kuchukua na hulipa ada. Mwanakijiji anayechimba kisima cha mkono kwa matumizi ya nyumbani haombi kibali. Huo ni unafuu wa maana kwa maskini, ila umezaa jambo ambalo sidhani lilikusudiwa: mwenye haki ya mwisho ana karatasi na mita, na mwenye haki ya kwanza hana hata namba ya kisima.

Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikifika Oktoba, anayeteka kwenye kisima cha mchangani hushuka shimoni na kata, huchota, husubiri maji yajikusanye, huchota tena, mpaka dumu la lita 20 lijae. Kwa kisima kama hicho, maji yakishuka nusu mita ndiyo basi, ilhali kwenye kisima kirefu cha mgodi nusu mita haimshtui mtu.

Wenye migodi nao wana hoja nzito. Kinywe hutenganishwa kwa kusaga mwamba na kuuchanganya na maji, chembe zake zikaelea pamoja na mapovu. Masalia huenda kwenye bwawa la topesumu, na sehemu ya maji yake hurudishwa kiwandani, hivyo mgodi uliojengwa vizuri hauhitaji maji mapya mengi kama inavyodhaniwa. Miamba ya huko ni migumu na maji hukaa kwenye nyufa, kwa hiyo ufa unaolisha kisima kirefu huenda haugusani kabisa na kisima kifupi cha jirani. Isitoshe, visima vilikuwa vikikauka kiangazi hata kabla ya migodi, na si haki kumbebesha mwekezaji lawama ya ukame.

Nazikubali hoja hizo, lakini kuhusu nyufa ni suala la kupima, wala halimalizwi kwa maneno mkutanoni. Tena kuna maji ambayo mgodi huyatoa bila kuyahitaji: shimo la wazi likichimbwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji huingia na sharti yapampwe nje ili kazi iendelee, na kadiri yanavyopampwa ndivyo usawa huo unavyoshuka pande zote za shimo. Visima virefu vinavyotolewa kama msaada kwa jamii havijibu suala hili. Nimeona vikipokewa kwa vigelegele, na vilistahili, lakini pampu huchakaa, na siku mgodi ukifungwa matengenezo yatabaki mikononi mwa kijiji ambacho visima vyake vya zamani huenda vimekwisha kufa.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa: kila kitongoji kihesabu visima vyake na kuvipa namba, kisha kina cha maji kipimwe kwa kamba yenye alama kila mwezi, kwa mwaka mzima kabla ya uchimbaji kuanza na miaka yote inayofuata. Vipimo hivyo vitamlinda mwanakijiji, na vitaulinda pia mgodi usiokuwa na hatia. Daftari lishikwe na jumuiya ya watumia maji, nakala ibandikwe ofisi ya kijiji, na kipimo cha Oktoba, maji yakiwa chini kabisa, kichukuliwe mwenye kisima na mhandisi wa mgodi wakiwa wamesimama pamoja juu ya shimo hilo hilo.