Wenye matatu wakigoma, anayeumia ni nani hasa?

Jumatatu ya Novemba 12, 2018, kama ulikuwa Nairobi unaikumbuka. Serikali ilikuwa imesema siku hiyo ndio inaanza kukaza zile sheria za Michuki za usalama wa matatu, basi wenye matatu wakaficha magari, wengine wakigoma na wengine wakiogopa tu kukamatwa, na Jogoo Road ikajaa watu wa Umoja, Donholm na Buruburu wanakanyaga mguu mpaka tao, yaani katikati ya jiji. Ukisimama pale City Stadium unaona akina dada wa ofisi wamevaa malapa, viatu vya kazi viko kwa mkoba, na nduthi (bodaboda) zinaitisha bei ya kukukejeli.

Serikali ilikuwa na hoja, hilo sibishi. Mwezi mmoja kabla, Oktoba 10, basi lilianguka Fort Ternan huko Kericho na watu zaidi ya 50 wakafa. Na sheria zenyewe si ngeni, marehemu John Michuki alizileta 2004 akiwa waziri wa uchukuzi: mshipi kila kiti, kidhibiti mwendo kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, nissan ibebe 14 na sio 20 na wengine wananing'inia mlangoni. Kuna watu walitembea siku hiyo wakisema heri miguu iume kuliko kurudishwa kwa jeneza, na nawaelewa kabisa.

Lakini pia msikilize dere na konda. Wengi hawana mshahara, asubuhi wanapewa gari na target ya pesa za kumpelekea mwenye gari, na kabla target haijafika kuna mafuta, kuna ya karao (polisi), kuna ya wale vijana wa stegi, kinachobaki ndio unga wa nyumbani, sasa mtu kama huyo utamwambia aendeshe polepole na abebe watu wachache atakusikia kweli? Sheria hizo hizo zilitaka wafanyakazi wa matatu waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, mbona hiyo hakuna mtu huisimamishia gari barabarani? Mshipi ndio unakaguliwa kwa sababu unaonekana (na unalipika, tuseme tu ukweli).

Shida yangu na mgomo ni kwamba haumgusi waziri, yeye ana gari na dereva. Mwenye matatu naye akipoteza siku moja, kesho yake anapandisha nauli anarudisha. Anayebaki na hasara ni mtu wa kibarua Industrial Area, akifika geti saa tatu wenzake washachukuliwa, amerudi vile alivyokuja.

Halafu kuna kitu huwa tunasahau, tunahurumia watembeaji siku ya mgomo peke yake, kumbe karibu asilimia 40 ya safari za Nairobi ni za miguu siku za kawaida. Nenda Lunga Lunga Road saa kumi na mbili asubuhi uone watu wa Mukuru wakielekea viwandani, wale nauli iliwagomea kitambo. Kaunti iliandika kwa sera yake ya 2015 kwamba asilimia 20 ya pesa za barabara iende kwa watu wa miguu na baiskeli, lakini njia ya miguu unaipata mita chache, mbele kuna kibanda, na nyuma nduthi inakupigia honi eti wewe ndio upishe.

Wiki tatu tu baadaye, Desemba 3, Mike Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, naye akafungia matatu nje ya tao, watu wakashushwa Ngara na Muthurwa, wazee na wajawazito wote mguu, amri ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Hapo hakuna aliyegoma na bado tulitembea.

Kwa hivyo mimi nasema sheria ikazwe kila siku, sio kulala miaka 14 halafu msako wa wiki moja, na ianze na ile ya mshahara. Na mwenye gari akigoma njia yake apewe mwingine, ila mwingine mwenyewe yuko wapi, treni za abiria ni chache na zinajaa kabla hazijafika Makadara.