Sarafu 69 za Kisumu

Nilipokuwa mwaka wa pili nikisomea takwimu, tulishinda muhula mzima na jedwali la maua 150 ya airisi, yale ambayo mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliyatumia katika makala yake ya 1936. Mengi yalichumwa Kanada. Muhula uliofuata tukaletewa jedwali la magari 32 kutoka jarida la Marekani la 1974. Mitihani nilipita. Lakini shangazi yangu wa Kombewa aliponiuliza nasomea nini hasa, nilibabaika.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mfano mzuri kuliko yote ulikuwa mjini kwetu. Kuanzia 2002, vijana wa kiume 2,784 wa Kisumu, wenye miaka 18 hadi 24, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyokaribia kulingana. Wa kundi moja walitahiriwa bila kungoja, wenzao wakasubiri, ili ijulikane kama tohara inakinga. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili, 22 wa kundi la kwanza waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Wa kundi la pili waliambukizwa 47.

Je, ni bahati tu? Hapo ndipo takwimu inapoanza. Kama tohara haisaidii kitu, basi kila mmoja wa hao 69 angeweza kuwa wa kundi lolote, sawa na sarafu ya shilingi kumi kuangukia upande wa simba au ule mwingine. Simba awe kundi la waliotahiriwa. Rusha sarafu 69 kwa pamoja, urudie mara 1,000: simba 22 au pungufu watatokea kama mara mbili hivi. Basi ni vigumu kusema ni bahati tu. Hata shangazi angeielewa hiyo bila fomula yoyote. Na wale 22 wasisahaulike: tohara hupunguza hatari, haiiondoi.

Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa manufaa yalikuwa wazi, na 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya hiari kama njia mojawapo ya kinga, likizingatia pia majaribio ya Uganda na Afrika Kusini.

Utajiri huu wa data hauishii hapo. Asembo na Gem, kule Siaya, tangu 2001, wafanyakazi wa utafiti wamepita boma kwa boma wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Njoro, ngano za nchi nyingi hupandwa ili zipimwe kama zinastahimili kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, hasa aina yake iitwayo Ug99. Watu wetu ndio wanaojibu maswali na kutolewa damu. Naona ni haki mtoto wao akifika chuoni akute hesabu hizo darasani, wala si maua pekee.

Huambiwa kwamba data za wagonjwa ni siri. Ni kweli, na siri hiyo ilindwe. Lakini idadi kama 22 na 47 zimechapishwa zamani, hazimtaji mtu, na zinatosha kufundishia wiki nzima.

Mimi hufanya hivyo Jumamosi na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu hapa Kondele. Juzi tulirusha sarafu mpaka mikono ikachoka, matokeo tukayachora ubaoni kwa chaki. Msichana mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Mwalimu, hiyo kura ya makundi ilipigwa na nani?"

Tukaweka sarafu kando. Saa nzima iliyobaki tukaizungumzia kura.