Andika namba ya simu, na uiandike isomeke

Kila theluji inapoyeyuka hapa Minnesota, Marekani, malalamiko yetu wachezaji wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski za plastiki mpaka kwenye kikapu kwa mirusho michache iwezekanavyo, ni yaleyale: nimepoteza diski tangu Novemba, hakuna aliyenipigia, watu wa viwanjani siku hizi ni wezi watupu. Haya, fungua sanduku la diski zilizookotwa, lile linalokaa karibu na ubao wa ramani, ugeuze moja moja. Hii haina kitu. Hii ina nukta tatu za wino mwekundu. Hii ina herufi J na M, basi. Hii iliwahi kuwa na namba ya simu: tarakimu nne za mwanzo zinaonekana, sita zilizofuata ni doa la zambarau. Aliyeziokota hakuiba. Alizibeba, akazigeuza akitafuta mwenyewe, akakosa pa kuzipeleka.

Ndiyo maana nasema lawama ya kwanza ni ya mwenye diski. Wapo wanaookota diski yenye jina na namba safi kabisa wakaitia begini, nakubali, na makapeni haiwezi kumbadilisha mtu wa namna hiyo. Lakini waaminifu wapo wengi viwanjani, nasi tunawanyima kazi yao.

Na hasara yenyewe haiishii kwenye dola 15 au 20 za diski mpya. Draiva, yaani diski ya kurushia mbali, uliyoirusha misimu miwili imepigwa na miti na kusuguliwa na changarawe mpaka ukingo wake umelainika, na sasa inaruka tofauti na ilivyotoka dukani. Ilikuwa inakata kushoto mapema kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, sasa inakwenda sawa, inapinda taratibu kulia, inarudi mwishoni. Ukinunua nyingine ya jina lilelile na uzito uleule, gramu 172 kwa gramu 172, hiyo ni diski nyingine. Utaisubiri misimu miwili tena.

Tatizo linaanzia kwenye kanuni, au tuseme kwenye jinsi tunavyoisoma. PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, inataka kila diski inayochezewa iwe na alama ya kuitofautisha na za wengine, isipokuwa ile ndogo ya kuwekea alama ulipo mrusho wako. Ukirusha diski isiyo na alama unaonywa mara ya kwanza, na baada ya hapo kila mrusho wa namna hiyo unakuongezea mrusho mmoja wa adhabu. Kwa hiyo watu huweka nukta, au nyota, au herufi mbili za majina yao, na wanaona wamemaliza. Kanuni hiyo imewekwa ili diski mbili za bluu zikianguka pamoja kwenye nyasi tusigombane ipi ni ya nani. Haikuwekwa kwa ajili ya mgeni atakayeiokota Aprili chini ya majani yaliyooza. Huyo nyota yako haimwambii lolote.

Namba ya uanachama wa PDGA nayo ina mashabiki wake. Ni namba ya maisha, haibadiliki. Ya kwanza kabisa alikuwa nayo Ed Headrick, yule aliyebuni kikapu cha minyororo na kukianzisha chama hicho mwaka 1976. Iandike ukipenda, lakini kama ziada. Inamtaka aliyeokota ajue maana yake, aingie kwenye tovuti, aone jina lako na mji wako, halafu atafute njia ya kukufikia. Mtoto wa miaka kumi anayepita kwenye bustani na mbwa wake hatafanya hayo. Namba ya simu ataielewa.

Basi namba ya simu, tarakimu zote kumi. Watu wanaacha zile tatu za mwanzo, ambazo ni za eneo, wakidhani kila mtu wa Minneapolis ana 612. Simu za mkononi zinahama na wenyewe: nusu ya marafiki tunaocheza nao wamekuja na 214 ya Dallas au 617 ya Boston, na hawana mpango wa kubadilisha. Tarakimu saba peke yake zimekufa. Na kwa sisi wengine kuna hili pia: ukiandika namba yako ya nyumbani inayoanza na +254 au +255, Mmarekani atakayeiokota hatapiga. Anaona ni simu ya ng'ambo, ya gharama, pengine hata hana WhatsApp. Tumia namba ya hapa. Kama bado huna, omba ya mwenzako unayecheza naye. Chini yake andika kwa Kiingereza ombi fupi la kutumiwa meseji, maana wengi wanaona haya kumpigia mtu wasiyemjua ila meseji wanatuma bila kufikiri mara mbili. Jina la kwanza latosha. Dada asiyetaka jina lake lizunguke viwanjani aache jina kabisa, abakize namba.

Sasa angalia unavyoandika moja na saba. Shuleni kwetu tulifundishwa moja yenye kikono kirefu kinachoshuka kushoto, na saba yenye kistari katikati. Mmarekani huandika moja kama fimbo iliyosimama. Moja yako yenye kikono ataisoma saba, atatuma meseji kwa mtu mwingine kabisa, atajibiwa kwamba amekosea namba, na hapo juhudi zake zinaishia. Kwenye diski, tarakimu ya moja iwe fimbo tu.

Wino ndipo wengi wanapoharibu, na hapa nitakaa kidogo.

Plastiki hazipokei wino kwa namna moja. Ile ya bei nafuu, DX ya kiwanda cha Innova au Pro-D ya kiwanda cha Discraft, ina uso mkavu unaokamata wino, na wino wa makapeni ya kawaida ya Sharpie hukaa humo miaka. Tatizo lake ni uchafu: tope jeusi la kinamasi linaingia kwenye plastiki na kuifanya kahawia, mpaka wino na doa havitofautiani. Plastiki za bei ya juu, Champion na Star za Innova, Z na ESP za Discraft, zina uso laini. Wino unakaa juu juu, na wiki moja ya vidole vyenye jasho inautoa. Kabla ya kuziandika zisugue kwa spiriti ya dukani, ya asilimia 70 au 91, kwa kitambaa safi, kuondoa mafuta ya mikono. Acha zikauke, andika, kisha usiziguse mpaka kesho yake. Anayeandika kwenye maegesho dakika tano kabla ya mchezo anaandikia vidole vyake.

Halafu kuna wino unaotembea. Kwenye plastiki laini za mpirampira mistari hunenepa taratibu, mwezi hadi mwezi, hasa diski ikikaa kwenye buti ya gari wakati wa joto. Sita, nane, tisa na sifuri hujaa katikati zote zikafanana. Ndilo lile doa la zambarau sandukuni. Kwa hiyo chukua makapeni yenye ncha nyembamba, siyo ile pana iliyokatwa kama patasi, na uandike tarakimu kubwa, sentimita moja au zaidi kwenda juu, ukiachia nafasi kati ya moja na nyingine. Mstari mwembamba ukinenepa mara mbili bado unasomeka. Mnene ukinenepa umekwisha.

Diski nyeusi au ya bluu iliyokoza inahitaji wino wa fedha au mweupe. Huo hutoka upesi zaidi, na ule wa rangi nzito hujenga ganda linalopasuka diski ikijikunja kwenye mti. Isitoshe kanuni haziruhusu rangi yenye unene unaohisika kwa kidole. Paka nyembamba, na ukubali kurudia kila baada ya wiki chache. Stika za jina na zile za kuskani kwa simu zina shida hiyohiyo ya unene, na maji yakiingia chini yake zimeondoka. Siziwekei imani.

Mahali pa kuandika ni tumboni, yaani upande wa chini, katikati. Mgongoni panakwaruzwa diski inapogonga shina au kuteleza juu ya lami ikiwa imepinduka. Kwenye ukuta wa ndani wa ukingo panaonekana pamejificha vizuri, na wengi hupapenda, lakini ndipo ncha za vidole vinne zinapokaza kila unaporusha. Ni kama kuandika kwenye mpini wa jembe. Diski ina upana wa sentimita 21 hivi. Ukitoa ukingo na eneo la vidole, unabaki na duara la kama sentimita 10 katikati ya tumbo ambalo mkono haulifikii sana. Tarakimu tatu juu, saba chini yake. Kisha rudia mgongoni kwa maandishi madogo, ili upande mmoja ukifutika mwingine ubaki. Diski inayozolewa na wapiga mbizi kutoka kwenye mabwawa ya uwanja wa Maple Hill kule Massachusetts inaweza kuwa imelala kwenye tope muda mrefu, na huwezi kujua ni upande upi utakaosalimika.

Ukinunua diski iliyotumika, shughulikia namba ya mwenye zamani siku hiyohiyo. Spiriti na pamba vitaitoa kwenye plastiki laini. Kwenye DX haitoki yote, basi ikate kwa mistari mizito mpaka isisomeke, usiikate kwa mstari mmoja wa heshima. Namba mbili zinazosomeka humfanya aliyeokota achague, na mara nyingi huchagua ile iliyoandikwa kubwa.

Na ukibadilisha simu, begi zima linarudi mezani. Toa diski zote, hata zile tatu za akiba ambazo hujazirusha tangu mwaka juzi, na pitisha kidole gumba juu ya kila namba kwa nguvu. Kidole kikitoka na wino, hiyo irudie leo, kabla ya theluji ya kwanza.