Gunia la Mbolea na Jaa la Kongowea

Bei ya mbolea ya dukani iliposhushwa na serikali ya Kenya, kutoka zaidi ya shilingi 6,000 mwaka 2022 hadi 3,500 na baadaye 2,500 kwa gunia la kilo 50, ubishi wa zamani kati ya mbolea ya dukani na mboji ulifufuka. Kuna wanaosema mkulima amekombolewa. Kuna wanaosema tunaendelea kuua udongo, safari hii kwa pesa za umma. Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbolea na afya ya udongo, wakaazimia kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea, ya viwandani na ya asili, kufikia 2034.

Mombasa tumeyasikia hayo kama mambo ya bara, ilhali meli za mbolea zinashusha mzigo hapa hapa bandarini, na mashamba ya Kisauni, Likoni na Jomvu bado yanatuletea mchicha, mnavu na bamia. Nadhani tunakosea kuuazima ubishi huu jinsi ulivyo, kwa sababu udongo wetu si udongo wa Uasin Gishu kule bara.

Ufuoni, kutoka Nyali hadi Bamburi na ng'ambo ya Likoni, tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukisogea ndani unakuta mchanga. Jomvu na Mikindani udongo ni mzito, mvua ikinyesha unanata na jua likiwaka unapasuka. Chota konzi ya udongo katika tuta la mchicha kwenye mchanga wa Kisauni, uloweshe, kisha uufinyange: haushikani, unakuchuruzika vidoleni. Udongo wa namna hiyo hauna pa kuweka maji wala chakula cha mmea. Mkulima akitia CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, leo na kesho ikapiga mvua ya Mei, naitrojeni nyingi inazama chini kabla mizizi haijaifikia, inaelekea kwenye maji ya visima ambayo watu wengi wa mji huu wanayatumia. Haki itendeke hapa: naitreti za visimani, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, si za mkulima peke yake. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa hatua chache kutoka kisimani vina mchango wao, na majitaka yanayoingia hori ya Tudor yanalisha mwani unaosonga matumbawe hata pasipokuwa na shamba karibu.

Karibu na mwamba wa matumbawe kuna shida nyingine. Chokaa ni tele, kwa hiyo fosforasi iliyomo katika DAP, mbolea nyingine ya dukani, hushikwa na kalsiamu na mmea ukaikosa, nayo urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, iliyomwagwa juu bila kufukiwa hugeuka amonia ikapotelea hewani. Mkulima huyo huyo anasikia redioni kwamba anyunyize chokaa kupunguza asidi. Ushauri huo una maana magharibi mwa Kenya, ambako kutia DAP mwaka baada ya mwaka kumechangia asidi. Ufuoni kwetu ni kutia chumvi baharini. Kabla ya ruzuku yoyote, mkulima wa Pwani alistahili kupimiwa udongo wake.

Hata hivyo, wanaotaka mbolea ya dukani ipigwe marufuku hawajapiga hesabu. Gunia la CAN lenye asilimia 26 ya naitrojeni lina kilo 13 za naitrojeni. Mboji nzuri, ikiwa kavu, mara nyingi ina asilimia moja hadi mbili. Kuzipata kilo hizo 13 unahitaji kati ya kilo 650 na 1,300 za mboji, tena mboji huachilia chakula chake polepole, hivyo msimu wa kwanza mmea unapata sehemu tu. Mama anayelima robo eka kwa jembe, mwenye mkokoteni wa kuazima, atazibebaje? Na joto letu huozesha mboji haraka, kwa hiyo kazi hiyo hairudiwi baada ya miaka, ni kila msimu. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea ya viwandani Aprili 2021. Kufikia Novemba mwaka huo serikali ilikuwa imerudi nyuma, na mavuno ya mpunga yalishuka vibaya. Walioumia ni wakulima wadogo na walaji maskini.

Lakini gunia nalo haliaminiki kama linavyotangazwa. Mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya magunia ya mpango wa ruzuku hayakuwa na mbolea ya viwango. Na vita vya Ukraine vilituonyesha 2022 kwamba bei yake inaweza kupandishwa na mambo yanayotokea mbali, shambani Likoni pakiwa hapajabadilika kitu.

Kwamba udongo wa Pwani unaweza kujengwa upya, ushahidi tunao Bamburi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mivinje ilistahimili, kwa sababu mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Majani yake makavu yaligoma kuoza, mpaka walipoletwa majongoo. Majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi ambao leo umebeba msitu. Mfano huu unanigusa sana, ila nisiutumie vibaya: nyuma yake palikuwa na kampuni kubwa na miaka mingi ya kusubiri. Mkulima wa mchicha anatakiwa kuvuna ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mboji itangulie, gunia lifuate kwa kiasi kidogo, kidogo kidogo, likifukiwa. Vikitumiwa pamoja vinazaa kuliko kimoja peke yake, kwa sababu mboji ndiyo inayoishika ile mbolea isizame. Malighafi tunayo. Asubuhi katika soko la Kongowea, nyuma ya malori ya kabichi na ndizi, kuna vilima vya majani, maganda na nyanya zilizopondeka, vikipandwa na mbuzi. Taka hizi zinabebwa kwa gharama hadi jaa la Mwakirunge, eneo lenye wakulima, kuozea huko zikitoa moshi na gesi ya methani.

Katiba ya 2010 iliweka kilimo, masoko na uzoaji wa taka chini ya kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Sioni kinachozuia kaunti kuweka eneo la kutengeneza mboji, na kulipia usafiri wake hadi shambani kama serikali kuu inavyolipia gunia. Kutenga kufanyike sokoni kwenyewe, maana chupa, nyavu za plastiki na betri zikishachanganyika hazitoki. Mji wetu unajua gharama ya udongo wenye sumu: katika mtaa wa Owino Uhuru watu walidhuriwa na madini ya risasi (lead) yaliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mboji ya mjini isiyopimwa isipelekwe kwenye mboga.

Linabaki jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Wengi wanaolima Kisauni na Likoni hawana hati ya ardhi. Wapo waliokodi kwa msimu, wapo maskwota kwenye ardhi ambayo mwenyewe hajaonekana miaka. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo hatabeba tani ya mboji kuutajirisha udongo wa mwingine. Atanunua gunia, avune, auze, na kwa hesabu yake yuko sawa. Anayemhimiza aache gunia ampatie kwanza mkataba wa maandishi, wa miaka mitano au zaidi, au amsaidie kuudai.