La Vie Est Belle au Black Opium kwa joto la Lubumbashi?

Dukani watu wengi wanaonunua marashi hunusa kikaratasi kilichopuliziwa, hutabasamu, hulipa. Kosa linaanzia hapo. Karatasi haina joto wala jasho, na juu yake La Vie Est Belle ya Lancôme na Black Opium ya Yves Saint Laurent hunukia kama ndugu wa tumbo moja: maua, sukari, vanila. Kwenye ngozi huachana.

Black Opium, ya mwaka 2014, ina kahawa, maua ya mchungwa na yasmini, na chini kabisa vanila. Kahawa ndiyo inayozuia utamu usizidi, lakini huondoka mapema. Baadaye hubaki vanila nzito, na ndani ya basi dogo lililojaa, mchana wa mwezi wa kumi, vanila hiyo humchosha hata aliyejipulizia. La Vie Est Belle, ya 2012, ina pralini, yaani harufu ya lozi zilizopikwa kwa sukari. Ni tamu zaidi, sikatai. Ila irisi imeishika. Harufu ya irisi haitoki kwenye ua, hutoka kwenye mzizi mnene kama tangawizi, unaokaushwa miaka kadhaa. Ina ukavu wa poda, na ukavu huo haukimbii. Kwa mwenye chupa moja ya mwaka mzima, nasema La Vie Est Belle. Black Opium ni ya usiku wa baridi, mwezi wa sita na wa saba. Hapo ni tamu kwelikweli.

Hata hivyo ngozi yako ndiyo itakayoamua. Puliza moja kila mkono, usisugue: kusugua huharakisha harufu za mwanzo kupotea. Nusa baada ya dakika 20, kisha nenda zako. Ukiipenda moja bado baada ya muda wa saa nne, rudi ununue.

Kiangazi ngozi kavu humeza marashi, basi tangulia na mafuta yasiyo na harufu. Mipulizo miwili yatosha; chupa ya ml 30 hutoa kama 300. Usipulizie liputa jeupe wala blauzi nyeupe, maana vanilini, kiini cha harufu ya vanila, hugeuka kahawia na doa lake halitoki kirahisi. Ndiyo sababu marashi ya vanila huweza kukolea rangi yakiwa chupani; rangi peke yake isikutishe. Kinachotisha ni harufu ya uchachu.

Kabla ya kulipa, geuza boksi: namba ya chini yake ilingane na ya chini ya chupa. Zikitofautiana, huenda ni bandia, rudisha.