Huo mlo mmoja wa gramu 40 ni wa nani?

Jamani naomba kuuliza, hivi hawa wanaoandika nyuma ya pakiti za maharage makavu kwamba mlo mmoja ni gramu 40, walimpima nani? Maana mi nimeenda kuzipima hizo gramu 40 kwenye mzani wa mangi, ni kiganja kimoja tu, tena kiganja cha mwanangu wa darasa la pili. Mangi kaniangalia weee, akauliza, "Kaka, hizi unampelekea kuku?"

Chanzo ni mama watoto. Kaenda Morogoro kwa dada yake aliyejifungua, kaniachia watoto wawili, mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ukiutikisa unasikia upepo tu, na onyo kwamba nisiwalishe watoto chipsi kila siku. Sa mi maharage ya kuchemsha masaa mawili nayawezea wapi, natoka kazini saa kumi na mbili, nikutane na foleni ya Mbagala, nafika nyumbani hata jina langu silikumbuki. Ndo nikaona supamaketi kuna maharage yaliyokwisha kupikwa yakakaushwa, unamwagia maji ya moto, unachemsha dakika kumi, unakula. Pakiti ya gramu 400, elfu sita na mia tano. Kilo nzima gengeni kwetu elfu tatu. Nikalipa hivyo hivyo, moyo unapiga hesabu mkono unatoa hela.

Nimefika home nikaanza kusoma lile pakiti kama mtu anayesoma mkataba wa kupanga chumba. Mbele limeandikwa kwa maandishi manene, HAINA KOLESTEROLI. Sasa maharage tangu lini yakawa na kolesteroli? Kolesteroli inakaa kwenye vitu vya wanyama, nyama, mayai, maziwa, maharage hayajawahi kuwa nayo hata kwa bahati mbaya. Ni sawa na mtu akuuzie baiskeli halafu akuhakikishie kwamba haili dizeli. Na nimelipia sifa hiyo.

Nyuma sasa kwa herufi za sisimizi. Mlo mmoja gramu 40, protini gramu 8, nyuzinyuzi gramu 6, sodiamu miligramu 480. Protini sina ugomvi nayo, yai moja lina kama gramu 6 hivi, kwa hiyo kile kiganja cha kuku kinalipita yai, sawa, hongera. Tatizo pakiti inasema ina milo kumi, na mimi na wanangu wawili tulimaliza pakiti nusu na zaidi siku ya kwanza, na mkubwa bado analamba mwiko. Bakuli langu peke yangu lilikuwa milo mitatu. Mitatu! Yaani kwa mujibu wa pakiti mimi siku ile nilikula asubuhi, mchana na jioni kwa mkao mmoja.

Sa hiyo sodiamu ndo ilinitoa jasho. Kumbe hawaandiki chumvi, wanaandika sodiamu ili uone ni kitu cha maabara hakikuhusu, ila ukitaka kujua chumvi yenyewe unazidisha mara mbili na nusu. Nikachukua kalkuleta ya simu. Milo mitatu, sodiamu miligramu 1,440, mara mbili na nusu, gramu 3.6 za chumvi. WHO, lile Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, kijiko cha chai kimoja, na hapo sijagusa mkate wa asubuhi wala chachandu ya muhogo wa mchana. Halafu maharage makavu ya gengeni hayana sodiamu ya kutajika, chumvi unatia mwenyewe kwa mkono wako ukijua unachofanya. Hii wamenitilia wao, wamekwenda zao, mimi na figo zangu ndo tunabaki.

Nisiwe mchoyo wa haki lakini. Maharage yenyewe wakiyakausha protini haiendi popote, nyuzinyuzi zimo, madini ya chuma yamo, na ukiyala na ugali au wali kila mmoja anamjazia mwenzake protini aliyopungukiwa, bibi zetu walichanganya makande bila kusoma pakiti yoyote. Ila hiyo chuma ya maharage ina maringo, haiingii mwilini kirahisi, inataka isindikizwe na ndimu au chungwa, ukishushia na chai ya rangi kama mimi inakupita hivi hivi. Na ile habari ya tumbo kuunguruma, ni sukari fulani za maharage ambazo utumbo mwembamba unashindwa kuzisaga, zikifika utumbo mpana bakteria wanazifanyia sherehe. Kwa hiyo kwangu ilikuwa hivi, gesi ilikuwa inaisha jikoni inahamia tumboni.

Sasa katikati ya wiki mama mkwe kaingia. Katoka Mbeya, kilometa mia nane na ushee kwenye basi, kaja kliniki ya presha, na mkononi kabeba mfuko wa maharage mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo?" Macho tayari yako kwenye ndoo ya taka, kaliona pakiti. "Baba, siku hizi mnakula maharage ya kwenye karatasi? Haya nimewaletea maharage. Kesho unipikie."

Nikaloweka asubuhi, maji nikamwaga jioni kama alivyonielekeza, nikabandika saa moja na nusu usiku. Hata povu la kwanza halijapanda, moto wa bluu ukageuka njano, ukaniaga. Tarehe 27, mshahara bado, kujaza mtungi ni ndoto. Na maharage mekundu mabichi si ya kufanyia mzaha, yasipochemka sawasawa yana sumu inayoitwa lektini, yatakutapisha usiku kucha, nimtapishe mama mkwe mimi nina ndoa ngapi?

Yeye yuko chumbani anapumzika. Nikachomeka birika la umeme kimyakimya, nikatoa pakiti la pili nililolificha nyuma ya unga, nikamwaga kwenye hotipoti, maji ya moto, nikafunika nusu saa. Nikazidisha maji kikombe kizima ili ile sodiamu ipoteepotee, nikakamulia ndimu. Yale ya Mbeya nikayafunika na sufuria lake chini ya meza.

Mama kala kijiko cha kwanza, katulia. Cha pili. Akaomba aongezewe.

"Umeona sasa baba? Haya ndo maharage. Laini yenyewe, siyo yale makaratasi yenu."

"Ni kweli mama."

Akatafuna tena, akanitazama.

"Ila chumvi umezidisha. Hujui kesho napimwa presha?"