Nani Hasa Alilipia Kilindini?

Husemwa mara nyingi, hata na watu wanaoijua historia, kwamba Sultani wa Zanzibar aliwauzia Wazungu pwani. Kwa Tanga, Dar es Salaam na Lindi kauli hiyo ina ukweli: mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kulipa mark milioni 4, karibu pauni 200,000, na pwani ya kusini mwa Mto Umba ikatoka mikononi mwa Zanzibar moja kwa moja. Kwa Mombasa si kweli. Mombasa ilipangishwa. Na ukizifuata hesabu za upangishaji ule unakuta jambo ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila shule kutoka Vanga hadi Lamu: sehemu kubwa ya pesa zilizomwondoa mpangaji wa kwanza, ili serikali ya Uingereza ipate pa kuanzishia reli, zilikuwa za Sultani mwenyewe.

Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar wakati ule, ukanda wa maili 10 za baharini, karibu kilomita 18.5, kuanzia maji yanapofika yakijaa. Makamishna waliokagua pwani walikuwa watatu: Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Patrimonio wa Ufaransa. Zanzibar haikuwa na sauti katika tume iliyopima mali yake. Ukanda ule ulikuwa mwembamba, lakini ndio uliokuwa mlango. Reli yoyote ya kwenda Ziwa Nyanza (Victoria) ingeupita, na kila mzigo ungelipiwa ushuru hapo. Ndiyo maana hati ya 24 Mei 1887, ambayo Barghash aliwapa mfanyabiashara wa Kiskoti William Mackinnon na wenzake kwa miaka 50, ilihusu forodha na utawala kuliko ilivyohusu udongo. Mashamba ya watu binafsi hayakuwamo. Kumbuka kipengele hicho, kwa sababu tutakirudia. Mwaka uliofuata kundi hilo lilipata hati ya kifalme na kuwa kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa Company).

Kwa nini reli ianzie Kilindini, bandari ya magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na si Bandari ya Kale? Upande wa mashariki wa kisiwa ulifaa majahazi: mlango mwembamba, miamba, na mji umejengwa hadi ukingoni mwa maji. Upande wa magharibi mkono wa bahari una kina kirefu, umekingwa na upepo, na meli ya mvuke ina nafasi ya kugeuka. Hasara yake ni moja: Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo reli ililazimika kuvuka maji Makupa kabla ya kugusa bara. Tena, kituo cha mwanzo wa reli hakiishii kwenye jukwaa la abiria. Njia ilikuja kuwa na urefu wa karibu maili 580, na vyuma vyake, mataruma na injini zake vililetwa kwa meli. Vyote hivyo vilihitaji ghala, karakana, uwanja wa kupanga mabehewa, matangi ya maji na makazi ya maelfu ya vibarua kutoka India. Njia yenyewe hula ukanda mwembamba, ila mahali inapoanzia humeza kitongoji kizima. Anayefikiri ardhi iliyohitajika ni upana wa reli tu hajaona picha kamili.

IBEA ilijaribu yenyewe. Mwaka 1890 ilianza kutandika njia nyembamba, na ilipofika kama maili 7 ikakwama kwa ukosefu wa fedha. Kapteni Macdonald alipima njia hadi ziwani mwaka 1891 na 1892, lakini kampuni haikuwa na uwezo wa kuijenga, na kufikia 1895 ilikuwa inatafuta pa kutokea.

Bei ya kuiondoa ilikuwa pauni 250,000. Hazina ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilizobaki zilitoka kwenye fedha ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani kwa pwani ya kusini, na ambazo zilikuwa zimewekezwa London. Maana yake, thamani ya Tanga na Dar es Salaam ilitumika kumlipa aliyekuwa ameipanga Mombasa. Kisha, tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini akatia saini mkataba wa kuipangisha serikali ya Uingereza pwani hiyo kwa pauni 17,000 kwa mwaka. Ukizigawa, 11,000 ni kodi, na 6,000 ni riba ya asilimia 3 ya zile 200,000 zake. Zaidi ya theluthi moja ya kile kilichoitwa malipo ya pwani kilikuwa faida ya fedha ambazo tayari zilikuwa zake.

Tazama pia nani alikaa wapi mezani. Arthur Hardinge alisaini kwa niaba ya Uingereza akiwa Balozi wake Zanzibar, na papo hapo alikuwa Kamishna wa himaya mpya ya bara iliyokuwa inapokea ardhi ile. Upande wa Sultani, serikali iliongozwa na Lloyd Mathews, naye Mwingereza. Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Mazungumzo hayawezi kuitwa mazungumzo pale upande mmoja unapokalia viti vyote viwili. Bara nako Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui, alikuwa vitani dhidi ya utawala huo mpya, na mwezi uleule mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliwasili Mombasa. Reli ya kwanza ilitandikwa Mei 1896, mwezi mmoja tu baada ya Mbaruk kuvuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani.

Kosa kubwa la mkataba, kwa maoni yangu, si udogo wa kiasi. Ni kwamba kiasi kilifungwa. Hati ya 1887 ilimpa Sultani haki ya kunufaika ushuru ukiongezeka. Ile ya 1895 ilimpa tarakimu moja tu. Reli ikafika Nairobi 1899 na ziwani Desemba 1901, mizigo ikapita Kilindini, na hakuna hata senti ya ongezeko hilo iliyomfuata mwenye pwani. Kodi ile haikupanda kamwe. Ilipobadilika ilishuka: Jubaland, eneo la Kismayu, ilipokabidhiwa Italia katika miaka ya 1920, zikapunguzwa pauni 1,000, zikabaki 16,000.

Anayesema hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa enzi zile aitazame Kuwait. Ujerumani ilitaka reli ya Baghdad ifike kwenye maji ya Ghuba, na mwaka 1900 ujumbe wake ulimwendea Sheikh Mubarak kutafuta ardhi ya kituo. Uingereza ilikuwa imeshamwahi: tarehe 23 Januari 1899 ilimfunga kwa siri, kwa rupia 15,000, asiuze wala kupangisha ardhi bila ruhusa yake. Halafu mwaka 1907 ikapanga kipande cha ufuko pale Bandar Shuwaikh kwa rupia 60,000 kwa mwaka, yaani pauni 4,000. Haikuwa na haja ya kujenga reli. Ilitaka tu mwingine asijenge. Linganisha: pauni 4,000 kwa kipande cha ufuko, pauni 11,000 kwa pwani yote kuanzia Vanga hadi Kismayu, pamoja na Lamu na Mombasa. Tofauti haikuwa katika mchanga. Mubarak alikuwa na mnunuzi wa pili mlangoni. Hamed hakuwa naye, kwa sababu mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulikuwa umemwondoa mnunuzi huyo.

Sasa turudi kwenye kile kipengele cha mashamba. Mkataba wa 1895 uligusa mamlaka ya Sultani. Haukugusa shamba la mnazi la mtu, wala wakfu, wala kiwanja cha ukoo wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Ili kuyapata hayo Waingereza walileta sheria ya India ya kutwaa ardhi ya mwaka 1894. Utaratibu wake ulikuwa huu: tangazo katika gazeti la serikali, tamko kwamba ardhi inahitajika kwa faida ya umma, ilani kwa wenye maslahi, uchunguzi wa afisa, kisha tuzo ya fidia. Fidia ilikuwa bei ya soko ikiongezwa asilimia 15 kwa kuwa mwenye mali aliiachia bila hiari yake. Inasikika vizuri. Lakini sheria hiyohiyo ilikataza kuhesabu thamani ambayo ingeletwa na matumizi yaliyofanya ardhi itwaliwe. Mwenye shamba Kilindini alilipwa kama vile reli haiji.

Shida ya pili ilikuwa ushahidi. Pwani mtu aliweza kumiliki minazi na mwingine akamiliki udongo inapoota, na wote wawili wakatambulika na majirani bila karatasi. Afisa aliyezoea hati moja, jina moja na mpaka mmoja alimwona mmoja wao tu.

Shida hiyo ikawa sheria mwaka 1908, pale Amri ya Hati za Ardhi ilipowataka wenye madai ya pwani wayawasilishe kwa msajili. Aliyekubaliwa alipata hatimiliki. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya serikali ya Uingereza. Waliokuwa na wosia, hati za kadhi au mwanasheria walifaulu kwa wingi. Wamijikenda wengi, waliolima kwa haki ya ukoo, hawakupata kitu, na wakageuka maskwota mahali palepale walipozaliwa.

Ndiyo maana siafiki wanaotegemea mkataba wa 1895 kudai kwamba pwani si Kenya. Mkataba ule ulifikishwa mwisho London tarehe 8 Oktoba 1963, Zanzibar ilipoyaacha madai yake na bendera ya Sultani ikangoja kushushwa Fort Jesus. Deni lililo hai liko kwenye barua ambazo Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana siku zile. Ziliahidi mahakama za kadhi, zikaahidi kuzitambua daima hatimiliki za pwani zilizokwisha sajiliwa, na kwamba ardhi hiyo ikitwaliwa kwa umma, fidia iwe kamili na ya haraka. Ahadi hiyo ilimlinda aliyekuwa na karatasi ya 1908. Aliyekataliwa na msajili, au ambaye hata hakusikia tangazo, hakutajwa, na kesi ya ardhi ya Pwani inayostahili kupelekwa mbele ni yake.